Kitambaa Kisichofuliwa

Vitambaa vilijaa uani kutoka ukutani hadi langoni, vimeanikwa kwenye kamba zilizofungwa kwa haraka, na kila upepo ulipopanda kutoka bondeni vyote viliinuka kwa pamoja na kutua tena. Wapita njia wa Kagugu, mtaa wa Kigali, walisimama kuchungulia. Mmoja aliuliza kama kuna harusi. Mwingine, mama aliyejitwika kikapu cha maparachichi, aliuliza bei ya kile chenye ndege wa buluu. "Haviuzwi, mama," Kaliza alimjibu, na yule mama akaenda zake hajaridhika, maana hakuwahi kuona mtu anayeanika vitambaa vingi hivyo bila kuwa na duka.

Kaliza aliketi kwenye kizingiti cha gereji aliyoigeuza karakana, miguu ikiwa bado imelowa, akavitazama kwa ile raha ya mtu aliyemaliza kufua. Maji ya mwisho yalikuwa yametoka meupe. Hakuna rangi iliyochuja ikaharibu nyingine, hakuna kilichochanika. Jumamosi ya wiki iliyofuata maonyesho yangefunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alihisi kwamba atawahi.

Alizaliwa Mwanza kwa wazazi Wanyarwanda, akaja Kigali akiwa msichana wa shule, akasomea uchoraji, kisha akauchoka. Picha, alisema, hutazamwa na watu wenye glasi mkononi, wakaipita. Kitambaa mtu hawezi kukipita bila kutaka kukigusa. Kaliza alikuwa mtu wa maneno mazuri, na maneno hayo yalimfungulia milango mingi: aliyasema redioni, aliyasema mbele ya wafadhili, na mara nyingi aliyaamini. "Nawapa sauti wasio na sauti," alipenda kusema. Ukweli ni kwamba wanawake aliokuwa akiwasemea walikuwa na sauti zao siku zote, ila hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Jambo lililomwingiza kwenye kazi hii alilisikia msibani, likinong'onwa jikoni. Katika nyumba nyingi za Rwanda mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake hadi siku ya nane. Siku hiyo hutolewa nje. Watoto wa jirani huitwa, hulima kidogo uani kwa vijembe vyao, hulishwa, kisha kila mmoja hupendekeza jina. Mtoto anayekufa kabla ya siku hiyo huondoka bila jina. Hakuna matanga ya kueleweka. Majirani huja mlangoni, humwambia mama "ihangane", yaani vumilia, utazaa wengine, halafu kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Mama naye hutakiwa arudi kwenye zake.

Lakini vitambaa hubaki. Kaliza aligundua kwamba karibu kila mama wa aina hiyo alikuwa na kitenge alichokuwa amekinunua cha kumbebea mtoto, na kwamba hakukitupa, hakukivaa wala hakumpa mtu. Alizunguka miezi mingi, Ndera, Biryogo, Kagugu hapohapo kwake, akiviomba. Alijua atakachovifanyia. Kila kimoja kingefungwa kwenye sanamu ya fundi cherehani, ile isiyo na kichwa wala mikono, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Ndani ungewekwa mfuko wa maharagwe wenye uzito wa kichanga. Kisha kitambaa kingepakwa uji mzito wa muhogo na kuachwa kikauke. Kikikauka, sanamu ingetolewa, maharagwe yangetolewa, na kitambaa kingebaki kimesimama chenyewe, kimeshika umbo la mgongo usioonekana na la mzigo usiokuwepo. Vyote vingening'inizwa darini kwa mishipi ya kuvulia samaki, kwa kimo cha mgongo wa mwanamke, ili anayeingia ukumbini apite katikati yake akiona jinsi vilivyo vitupu.

Ilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo bila kumkebehi. Msaidizi wake Phiona, msichana aliyekulia Kampala na asiyeshtushwa na kitu kwa urahisi, alipoona cha kwanza cha majaribio kimesimama pale mezani, alikwenda nje akakaa huko muda mrefu.

Sasa, uji wa muhogo haushiki kwenye kitambaa chenye mafuta au jasho. Unabanduka kama ngozi ya kitunguu. Pamba nayo hujikunja ikiguswa na maji kwa mara ya kwanza, na kitenge chekundu kikilowa kinaweza kuwapaka wenzake wote. Kwa hiyo kabla ya kila kitu, kufua. Kaliza alifundishwa hivyo na kila aliyemfundisha, na yeye akamfundisha Phiona hivyohivyo: kitambaa kisichofuliwa hakishonwi wala hakipakwi wanga. Siku moja kabla ya vile vitambaa kuanikwa, Phiona alipokuwa akivilundika kando ya beseni, alikuta kimoja kimo ndani ya bati la biskuti, mfuniko umezungushiwa selotepu pande zote.

"Sista, hata hii ya kwa bati?"

"Zote," Kaliza alisema bila kuinua macho. "Hakuna cha kubagua."

Phiona aliipitishia kidole ile selotepu, akasubiri kidogo, kisha akaibandua.

Bati hilo lilikuwa la Joselyne, mwenye duka la vitenge Biryogo, katika kichochoro kile chenye mafundi cherehani wengi. Kaliza alimfahamu kwa kununua kwake. Joselyne alikulia Buyenzi kule Bujumbura, Mkatoliki aliyelelewa katikati ya Waislamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chepesi na cha kukata. Watu walimwita Mama Arnaud. Arnaud alikuwa mtoto wake wa pili, lakini ndiye aliyempa mama yake jina, kwa sababu wa kwanza hakuwa na lake la kutoa.

Siku Kaliza alipomweleza nia yake, Joselyne alimsikiliza huku akikunja vitenge. Wiki iliyofuata alimpigia aje. Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akatoa bati chini ya meza.

"Huyu wangu aliishi siku tano," alisema. "Bwana yangu Révérien na kaka yake ndio walimupeleka. Mimi nilikuwa ndani, mama aliyezaa hatoki. Walimuzika Ndera kwa shamba ya kaka yake. Baadaye ile shamba ikauzwa. Leo kuko nyumba za watu, sijui hata iko chini ya ipi. Kaburi sina. Niko na hii."

Kaliza aliuliza kama anaweza kumrekodi akisimulia. Joselyne alitikisa kichwa.

"Sitaki kuongea. Chukua kitambaa. Sikupi, nakuazima. Nataka kionekane na watu mara moja, kisha unirudishie."

Kaliza aliahidi, akalipakata bati lile njia nzima hadi Kagugu. Selotepu aliiona. Aliiona vizuri kabisa, imezungushwa mara nyingi, ya zamani juu yake mpya, na hakuuliza ni ya nini.

Joselyne alipiga simu mchana uleule wa kuanika, vitambaa vikiwa vimeanza kukauka.

"Madamu Kaliza, kesho nitapita kwako asubuhi."

"Karibu sana, Mama Arnaud. Kuna shida?"

"Shida hakuna. Kesho iko siku yake. Kila mwaka nafungua ile bati, nanusa kidogo, nafunga. Sikawii."

"Unanusa," Kaliza alirudia.

"Iko na yeye ndani. Sijakifua hata siku moja, tangu walimutoa ndani yake. Nanusa mara moja tu kwa mwaka, maana nikifungua sana ataisha." Kukawa na sauti ya mteja akiuliza kitu dukani, na Joselyne akimjibu. Kisha akarudi. "Sikukwambia? Nilifikiri nilikwambia."

Kaliza alisema kitu, hata yeye hakukumbuka baadaye alisema nini, na simu ikakatika. Aliinuka akaenda kwenye kamba. Cha Joselyne kilikuwa cha kijani chenye picha za mafeni, katikati ya vingine, kimenyooka na kung'aa. Alikivuta, akaingiza uso wake ndani, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Kilinuka sabuni na jua. Alijaribu kwenye ncha, kwenye pindo, kwenye ule mstari mwembamba wenye maandishi ya kiwanda. Sabuni na jua.

Phiona alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la vibanio vya nguo.

"Nilikuuliza, sista," alisema taratibu.

"Najua."

"Nilikuuliza hii ya kwa bati."

"Phiona, najua."

Kuna makosa ambayo mtu akiyafanya hupata wa kumgawia, na kuna mengine ambayo hukaa nawe peke yako hata ukiyasukuma. Kaliza alijaribu. Alijiambia kwamba Joselyne angemwambia mapema. Alijiambia kwamba harufu haikai miaka yote hiyo, kwamba mama yule alikuwa akinusa bati na kumbukumbu zake. Yote yaliwezekana kuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia. Alihisi uchungu wa kweli, na pamoja nao hofu ndogo ya aibu, ile ya mtu anayejiona tayari akisimuliwa Biryogo nzima: yule msanii, yule wa redioni. Hofu hiyo ndogo ndiyo iliyomwondoa pale uani.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Umuhoza, rafiki yake, ambaye naye alikulia Tanzania na ambaye siku chache nyuma alikuwa amejifungua binti. Kaliza alikwenda kwake jioni hiyo akiwa na pakiti ya unga wa uji, kama inavyompasa anayekwenda kumpongeza mzazi, na kitambaa cha kijani kimekunjwa kwapani. Umuhoza alikuwa kitandani, pazia limeshushwa, chumba kina joto zito la mtu aliyezaa. Alifurahi kumwona.

"Umekuja mwenyewe. Nilidhani mpaka maonyesho yako yaishe."

"Nimekuletea unga," Kaliza alisema. "Naomba nimshike kidogo."

Alipewa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko ule mfuko wa maharagwe, na hilo lilimshtua. Alikikunjua kitambaa juu ya mapaja, akamlaza ndani, akamzungushia mara moja, mara mbili, akaubana upindo wa mwisho chini ya kidevu. Mtoto alipiga mwayo, akalala. Kaliza alikaa hivyo huku akihisi joto likipenya kwenye pamba, na kwa muda akafikiri kwamba jambo lake litafanikiwa. Saa moja ingetosha. Kitambaa kilichofuliwa hunywa harufu upesi.

Umuhoza aliegemea mto akimwangalia. "Unga na kitenge," alisema. "Umenizidishia. Ni kizuri sana, Kaliza. Nitambebea siku ya kumtoa nje."

Kaliza hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amefikiria mambo mengi njiani, lakini si kwamba rafiki yake angemshukuru.

"Si chake," alisema hatimaye.

"Ni cha nani?"

"Cha mtoto mwingine."

Umuhoza aliijua kazi ya rafiki yake. Alikuwa ameviona vitambaa vile vikiletwa, na alikuwa amelia kwa ajili ya wenyewe kabla hata tumbo lake halijaonekana. Uso wake ulibadilika polepole sana. Alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mikono, akamfungua binti yake kutoka kwenye kile kitambaa kwa uangalifu, bila kukivuta, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye miiba. Akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Nenda nacho," alisema. Hakupaza sauti. "Nenda nacho tu, Kaliza. Tutaongea siku nyingine."

Aliporudi kwake alikata shauri. Angesema ukweli. Kesho asubuhi, kabla Joselyne hajakaa, angemweleza kila kitu, hata habari ya kwa Umuhoza. Aliitunga sentensi ya kwanza, akairudia mpaka ikalainika mdomoni. Lakini kabla ya kulala alikikunja kitambaa kama alivyokumbuka kilikuwa kimekunjwa, akakiweka ndani ya bati, akalizungushia selotepu mpya. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia ni kwa sababu ya vumbi.

Joselyne alifika mapema, amevaa gauni lake la kanisani, nywele amezifunga vizuri. Alikataa chai. Alivitazama vitambaa vilivyokuwa vimekunjwa mezani kwa jicho la muuzaji, akagusa viwili vitatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaliona bati.

"Selotepu ni mpya," alisema.

"Ndiyo. Mama Arnaud, kabla hujafungua, naomba nikuambie kitu."

"Ngoja nimalize, utaniambia."

Sentensi ya Kaliza ilikuwa tayari, imelainika, iko palepale kwenye ulimi. Hakuitoa. Alimtazama Joselyne akiifuata ncha ya selotepu kwa ukucha, akiibandua bila haraka, akiukunja ule utepe na kuubandika ukingoni mwa meza ili autumie tena. Mfuniko ulitoka. Joselyne hakukitoa kitambaa. Aliinama tu, akaweka uso wake juu ya bati, akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyosema. Phiona, aliyekuwa akikoroga uji wa muhogo kwenye jiko la nje, aliacha kukoroga. Kaliza aliyaona mabega ya yule mama yakishuka, kama yanavyoshuka mabega ya mtu aliyefika nyumbani, halafu akayaona yakisimama.

Joselyne aliinua uso.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Basi Kaliza akasema. Aliisahau sentensi yake nzuri, akasema ovyo, akianzia katikati: jirani, binti yake, sabuni, Phiona aliyeuliza, selotepu aliyoiona na kunyamaza. Alisema pia kwamba alitaka kumdanganya, kwamba hata dakika ile Joselyne alipokuwa akilifungua bati alikuwa bado akitumaini litakwisha hivyo. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa hajui ayafanyie nini.

"Usilie, madamu," alisema Joselyne. "Ukilia nitaanza kukubembeleza, na leo siwezi."

Kaliza alijifuta uso kwa mkono wa nguo yake. Joselyne alikitoa kitambaa ndani ya bati, akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Alikipekua upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, kama anavyofanya dukani mteja akileta malalamiko. Palikuwa na doa hapa, alisema, dogo, la rangi ya chai. Akaonyesha kwa kidole mahali palipokuwa pakavu na safi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yale maji mulimwaga wapi?"

Kaliza hakuelewa. Phiona ndiye aliyeelewa. Aliweka mwiko chini, akajipangusa mikono, akawatoa nje nyuma ya nyumba, hadi kwenye tundu la ukutani ambako maji ya ua hutoka. Kutoka hapo palikuwa na mfereji mwembamba wa saruji unaopita chini ya uzio na kuingia kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa wa mawe unaoyashusha maji ya mvua kutoka mlimani.

"Hapa," alisema Phiona. "Yote hapa. Pole, mama."

Joselyne alivua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akatoka langoni na kuanza kushuka kando ya ruhurura. Hakumwita mtu. Kaliza alisita, kisha akamfuata kwa nyuma, hatua chache, kama mtu anayefuata jeneza lisilo lake. Walipita nyuma ya nyumba mpya zenye kuta ndefu, wakapita mahali ambapo mafundi walikuwa wakikata vigae na vumbi jeupe likipeperuka, wakapita akina mama waliokuwa wakifagia barabara na waliowasalimu. Joselyne aliitikia salamu zote. Mfereji ulikuwa mkavu, una mchanga mwembamba chini na majani ya mikaratusi. Kila mahali ulipoungana na mwingine alisimama, akaangalia pande zote mbili, akaendelea na ule unaoshuka.

Njia nzima Kaliza alitafuta neno. Alikuwa nayo mengi, yale ya redioni, na kila alilolishika aliliona ni la kumfaa yeye mwenyewe. Alifikiria kusema atayafuta maonyesho yote, na akatambua kwamba hilo nalo lilikuwa la kumfanya Joselyne amkataze. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea na mmoja wa wanawake hawa bila kuwa na swali la kumuuliza.

Chini bondeni ruhurura iliishia kwenye matete. Ng'ambo yake palikuwa na matuta ya mboga, na watu wakipalilia, wadogo kwa umbali. Joselyne aliketi kwenye jiwe la mwisho, akaweka viatu pembeni, akatazama mahali maji yanapoacha kuwa ya mfereji na kuwa ya bonde. Kaliza alisimama. Baada ya muda Joselyne alimwonyesha sehemu ya kukaa.

"Kile kitambaa kitundike," alisema. "Nilisema kionekane, kitaonekana. Kipake huo uji wako. Sasa kiko kitambaa kama vingine."

"Mama Arnaud, sina haki ya..."

"Sikuongea habari ya haki. Na sikukusamehe, usifikiri. Labda mwaka ujao. Labda hapana." Alivunja jani la tete, akalipasua katikati kwa kucha. "Nilifikiri nikifika hapa nitasikia kitu. Hakuna. Ni matope tu."

Mtu mmoja katika matuta alianza kupiga mluzi, akaacha.

"Siku ya kwanza alikuwa ananuka chuma," alisema Joselyne. Hakumgeukia Kaliza, aliyaambia matete. "Ile sarafu ukiishika sana mu mkono, ile harufu. Walimufuta lakini haikutoka mu nywele. Siku ya pili mama mukwe akaja, akamupaka mafuta ya ng'ombe, mwili yote, akamuzidishia. Nilikasirika, nilitaka kumusikia yeye, si ng'ombe. Lakini hapa," akagusa utosi wake mwenyewe, "mafuta haikufika. Hapa alikuwa ananuka mkate. Mkate imefunikwa na kitambaa, bado ya moto. Siku ya tatu, mkate na mafuta. Siku ya nne ikaingia homa. Homa iko na harufu, watu hawajui. Ni kama kitu tamu imeachwa kwa jua. Siku ya tano sikumunusa. Niliogopa. Ile moja sina."

Simu ilikuwa mfukoni mwa Kaliza, ile iliyorekodi akina mama wengine wote, na mkono wake ulikuwa karibu nayo. Hakuigusa. Alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, kwa hofu, kama mtoto anayetumwa dukani na kuambiwa asisahau.

"Kulikuwa na mahali pa kuwekea haya," Joselyne alisema. "Hakuko tena. Mimi nitazeeka, nitachanganya. Tayari nachanganya na Arnaud. Kwa hiyo utayabeba wewe. Sema."

"Niseme?"

"Yale nimekwambia. Sema."

Sauti ya Kaliza, aliyoizoea, ilitoka ndogo. "Siku ya kwanza alinuka chuma, kama sarafu. Kwenye nywele. Siku ya pili alipakwa mafuta ya ng'ombe, mwili mzima. Utosini alinuka mkate wa moto, na maziwa..."

"Hapana." Joselyne aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni. "Maziwa hakuna. Maziwa yangu yalichelewa. Yalikuja wakati alikuwa amekwisha kwenda, yakalowesha gauni, mbele ya watu waliokuja kuniambia nivumilie. Yeye hakunuka maziwa hata siku moja. Usimupe kitu hakupata."

"Sitampa."

"Sema tena."

Kaliza akaanza upya, tangu siku ya kwanza.